Kwa Dada Hadija, Uliyewajua Buibui wa Kindai

Dada yangu Hadija,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa hasemeshwi kabla hajaamkiwa, na sitaki kukukosea adabu leo, siku ninayokuja kukueleza kosa kubwa kuliko hilo. Mwaka umepita tangu tukuzike Mitundu. Mwaka mzima nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana. Leo nitaifikisha mwisho, na nitaiacha wazi aisome yeyote, kwa sababu niliyokufanyia niliyafanya kwa siri.

Acha nianzie ziwani, maana ndiko yalikoanzia.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Nyumba yetu ilikuwa upande wa mashariki wa ziwa Kindai, karibu kiasi kwamba upepo ukivuma chakula kiliingia ladha ya magadi kabla hatujatia chumvi. Kiangazi maji yaliporudi nyuma yaliacha ukingo mweupe, na mama alitupeleka kukwangua magadi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mimi nilikwangua haraka nimalize nikacheze. Wewe ulichelewa kila siku. Ulichuchumaa pale udongo unapokutana na maji, kisu kimelala gotini, hufanyi lolote.

"Hadija, unatazama nini?" mama alikuuliza.

"Buibui, mama."

"Buibui wana nini?"

"Wanajua pa kwenda."

Mama alicheka akaendelea na kazi. Wale buibui kila mtu pale kwetu aliwaona. Ni wadogo, wa kijivu, hawatandi utando. Wanaishi kwenye ule unyevu wa ukingoni wakiwinda vijinzi vya ziwani. Upepo ukiwapeperusha majini hawazami. Wanasimama juu ya maji kama umesimama mkekani, kisha wanakimbia kurudi nchi kavu. Tuliwaona wote, lakini wewe peke yako ndiye uliyejiuliza wamejuaje nchi kavu iko upande gani. Mdudu aliye mdogo kama punje ya uwele, viwimbi vimemzunguka pande zote, anaona nini cha kumwelekeza?

Nilikwambia anaiona miti. Hukubishana nami. Kesho yake uliwakusanya buibui kumi hivi kwenye kopo la maziwa ulilotoboa matundu kifunikoni, ukanishika mkono, tukalizunguka ziwa kwa miguu hadi upande wa pili, upande wa magharibi, kule ambako maji yanabaki upande wa macheo. Miguu iliniuma njia nzima, nikakulaumu njia nzima. Tulipofika uliingia majini hatua tatu, ukalifungua kopo, ukawamwaga taratibu juu ya maji.

Nchi kavu ilikuwa nyuma yao, hatua tatu tu. Wakaipa mgongo wote. Wakakimbia kuelekea katikati ya ziwa, kundi zima, kama walioamriwa.

"Wamepotea," nikasema.

"Hawajapotea," ukanijibu. "Wanakwenda kwetu."

Nilitazama ulikotazama. Ng'ambo ya maji, mashariki, niliona mawe makubwa yaliyo nyuma ya nyumba yetu. Kweli walikuwa wanakwenda kule. Kwa kule walikotoka, kukimbilia mashariki kulikuwa kupona. Kwa huku ulikowaleta kulikuwa kufa. Uliwafuata majini mpaka kiunoni, ukawaokota mmoja mmoja kwa jani ukawarudisha koponi, maana hukutaka wafe kwa ajili ya maswali yako. Tulifika nyumbani tumechelewa, na mama alitugombeza wote wawili. Wewe hukujitetea hata kwa neno moja. Ulikuwa umeshaanza kuwaza jambo jingine.

Uliwaza jua. Uliniambia siku ile ile jioni, tukipepeta mtama: asubuhi wanalikimbilia jua, jioni wanalipa mgongo, na kote wanakwenda mashariki. Kwa hiyo hawalifuati jua tu kama nondo anavyofuata taa. Wanalitazama lilipo, na wanajua ni saa ngapi.

"Buibui hana saa," nilikwambia.

"Hata jogoo hana."

Ndipo ulipoiba kioo cha baba cha kunyolea. Naandika uliiba kwa sababu ndivyo baba alivyosema alipokikosa, lakini ulikirudisha. Asubuhi, jua likiwa mashariki, ulimweka buibui majini, ukaniambia nimkinge kwa ungo jua lisimfikie, na wewe ukasimama upande wa pili ukamrushia mwanga kwa kioo kutoka magharibi. Yule buibui alisimama kidogo, akageuka, akaanza kukimbilia magharibi, kwenye kina. Ulipogeuza kioo mwanga ukamtoka, nami nikaondoa ungo, naye akageuka tena kurudi kwetu. Tulifanya hivyo asubuhi ile mpaka nikakosa nguvu za mikono. Hukushangilia, dada. Ulikaa chini kwenye tope na gauni lako, uso wako umetulia kama mtu aliyelishwa akashiba.

Na ile ya adhuhuri ulikuja kuipata mwezi wa kumi, kabla ya mvua, siku zile jua linapopita juu ya utosi na kivuli cha mtu kinaingia chini ya miguu yake. Uliwaweka majini saa sita na nusu. Wakazunguka. Mmoja huku, mwingine kule, wanaanza safari, wanaiacha. Ulisubiri kivuli chako kitoke tena chini ya miguu, na kilipotoka wakaanza kwenda moja kwa moja. Uliyaandika yote kwenye daftari la hesabu, nyuma, kwa penseli, na picha ya jua katika kila ukurasa.

Mwaka ule ulifanya mtihani wa darasa la saba na ukachaguliwa kwenda sekondari, wewe peke yako kati ya wasichana wa shule yetu. Na mwaka ule ule baba alipoteza kazi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara za watu binafsi. Watu walifurahi kwa sababu sabuni ilirudi madukani na mitumba ilikuja kwa marobota, nasi pia tulifurahi. Lakini baba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika, na wanunuzi binafsi walianza kuingia vijijini na malori yao kuchukua alizeti mlangoni kwa mkulima. Ghala likabaki na popo. Baba alikuita nje, mimi nikasikiliza nikiwa mlangoni.

"Hadija, mwanangu, jina lako limetoka, na mimi sina namna. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba."

Ni hayo tu mliyosema. Baada ya hapo ulianza biashara ya kuku wa kienyeji. Ulizunguka vijijini mpaka Mgori ukinunua, ukawapakia kwenye matenga, ukawauzia wafanyabiashara waliowapeleka Dar es Salaam. Nilipofaulu mimi miaka mitatu baadaye, ni kuku wako walionipeleka sekondari. Sanduku langu la bati ulilibeba kichwani wewe. Na ndani, chini ya sare, uliweka lile daftari la hesabu.

"Utanisomea huko," ukaniambia. "Uwaulize walimu kama kuna mtu mwingine anayajua haya. Mimi huku sina wa kumuuliza."

Nilikuahidi. Dada, nilikuahidi kwa moyo wangu wote, na sikuwa na nia mbaya siku ile. Nataka ulijue hilo.

Kidato cha pili mwalimu wetu wa baiolojia alitangaza kuwa shule za mkoa zitakuwa na maonyesho ya sayansi, akataka kila mwanafunzi alete jambo. Wenzangu walikuwa watoto wa watumishi, wana vitabu nyumbani. Mimi nilikuwa na viatu vilivyoshonwa kwa waya. Nilitoa daftari lako, nikanakili yote kwenye karatasi safi kwa kalamu ya wino, pamoja na zile picha za jua. Nilipompelekea mwalimu alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa.

"Haya umeyaona wewe?" akaniuliza.

Hapo ndipo. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Kulikuwa na jibu rahisi kabisa: tumeyaona mimi na dada. Hata hilo lingekuwa nusu ya ukweli, na nusu ingetosha. Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Siku ya maonyesho nilileta buibui kwenye kopo na beseni la maji, na kioo, na ungo. Wageni walizunguka beseni langu tangu asubuhi. Nikapewa nafasi ya kwanza. Jina langu liliingia kwenye kijitabu kilichochapishwa na shule, ukurasa mzima, kwamba mwanafunzi huyu amegundua kwa juhudi zake mwenyewe jinsi buibui wa ukingoni wanavyotumia jua kutafuta njia. Baadaye nilikuja kujua kwamba wataalamu wa nchi nyingine walikuwa wameyaona mambo kama hayo kwa vijidudu vya fukwe za kwao. Lakini pale kwetu hakuna aliyekuwa amewaambia, wala wewe hukuwa na kitabu.

Nilipokuja nyumbani likizo ulinipokea njiani. Hukuniuliza kuhusu zawadi. Uliuliza, "Uliwaambia na ile ya adhuhuri?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Walishangaa sana."

Ukatembea kidogo huku umeshika mfuko wangu, kisha ukauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kuomba: "Na mimi ulinitaja?"

"Nilikutaja, dada. Jina lako limeandikwa kwenye kitabu."

Uliinamisha uso. Nilidhani unalia, kumbe ulikuwa unatabasamu na hukutaka nikuone. Jioni ulimwambia mama, mama akamwambia baba, na baba, ambaye siku zile alikuwa haongei sana, akasema, "Hadija wangu yumo kwenye kitabu." Nilikuwa nimekaa papo hapo. Nikaendelea kumega ugali.

Ningeishia hapo, labda ningesema nilikuwa mtoto. Lakini sikuishia hapo.

Muhula uliofuata alikuja shuleni mama mmoja mtafiti kutoka chuo. Alikuwa amekisoma kile kijitabu. Walimu walimwita Mama Mtafiti, nami nitamwita hivyo. Niliitwa ofisini, nikamkuta amekaa na mwalimu wa baiolojia. Mama mpole, mwenye miwani, alinisifu mpaka nikatamani kuondoka. Kisha akaeleza shida yake. Alitaka kumwajiri mtu wa pale ziwani kwa mwaka mzima: atembee ukingoni asubuhi na jioni, awatazame wale buibui na wadudu wengine, aandike. Hakuhitaji msomi. Darasa la saba linatosha, alisema, mradi awe mtu anayeweza kutazama.

"Wewe uko shule, huwezi," akaniambia. "Lakini kwenu hakuna mwingine anayewafahamu? Hakuna aliyekuwa anakusaidia?"

Nilijua akikuona wewe mara moja tu, akikusikia ukisema maneno mawili, atajua daftari ni la nani. Mwalimu alikuwa ananitazama huku akitabasamu kwa fahari.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna mtu anayewajali wale buibui."

Akasikitika. Aliniachia karatasi yenye anwani yake, akaniambia nikimkumbuka yeyote nimwandikie, atasubiri mwezi mmoja kabla hajaenda kutafuta kwenye ziwa jingine.

Jumapili ya wiki ile ile ulikuja kunitembelea. Ulileta karanga na nguo zangu ulizozifua. Tulikaa kwenye majani nyuma ya bweni, ukaniambia kuna mtu wa Mitundu ameleta posa. Si mtu mbaya, ulisema. Ni mkulima, ana mizinga ya nyuki, ni mpole. Baba ameridhika naye, kwa kuwa biashara ya kuku nayo ilikuwa imeingiliwa na wenye magari.

"Na wewe unamtaka?" nilikuuliza.

"Simkatai." Ulikuwa unamenya karanga unaniwekea mkononi. "Ila Mitundu ni mbali, na huko hakuna ziwa. Kama ningekuwa na kazi yoyote hapa, hata ndogo, ningemwambia baba asubiri kidogo."

Ile karatasi ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, dada. Niliigusa. Ningeitoa tu ungekuwa mtu mwingine, na mimi ningeaibika wiki moja, au muhula mmoja, na watoto wenzangu wangeongea mengine. Nilikula karanga ulizonimenyea. Nikasema, "Kazi zimekuwa ngumu siku hizi."

"Ni kweli," ukajibu.

Uliolewa baada ya mavuno.

Siwezi kusema uliishi vibaya. Shemeji alikupenda, nami nimeshuhudia. Ulizaa watoto watano, wakaishi wote. Uliniandikia barua kila mwaka, na karibu kila barua ilikuwa na jambo ulilolitazama. Iko moja ninayo hapa mezani. Unasema: "Mdogo wangu, hapa hakuna maji, lakini kuna sisimizi. Nimewajaribu na kioo wakiwa wanarudi shimoni. Wengine wanageuka, wengine wanasitasita. Nadhani wana pia jambo jingine wanalolitazama zaidi ya jua. Waambie wale watu wako." Nilikujibu kuhusu mahindi, kuhusu homa ya mama, kuhusu kila kitu isipokuwa sisimizi. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa baiolojia. Nilikuwa nafundisha mambo yale yale darasani na nikifika kwenye mfano wa buibui wa Kindai nilisema "iliwahi kuonekana", bila kusema na nani.

Ulipougua figo nilikuja. Ulikuwa umelala kivulini nje, kwenye mkeka, miguu imevimba. Zuhura, binti yako mkubwa, alikuwa akikupepea. Tuliongea habari za mama na za shamba. Nilikuwa nimekuja nimeazimia. Njia nzima kutoka Itigi nilipanga maneno. Kisha ukamwambia Zuhura akatulete maji, na alipoondoka ukanishika kidole kimoja, maana mkono wako haukuwa na nguvu ya kushika vyote.

"Mwanaidi. Lile jina langu kule kwenye kitabu. Bado lipo?"

Ungefanya nini wewe? Nimejiuliza mara nyingi. Wewe usingefika mahali pa kuulizwa swali lile, hilo ndilo jibu.

"Bado lipo, dada."

"Vizuri," ukasema, ukafumba macho upumzike. Siku ya nne ukatutoka.

Baada ya arobaini Zuhura alikuja kwangu Singida. Hakunipa taarifa. Aliniamkia, akakaa, nikampa chai, nikaliweka begi lake chumbani nikidhani amekuja kupumzika. Alipomaliza chai akasema, "Mama mdogo, naomba kukiona kile kitabu cha mama."

Ningeweza kusema kimepotea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini alikuwa ameinama anangoja, na shingo yake ni shingo yako, na nilichoka ghafla kudanganya. Nikaenda kabatini nikakitoa nikampa. Alifungua ule ukurasa akausoma. Akausoma tena, safari hii kwa kidole.

"Mama yuko wapi hapa?"

"Hayupo."

"Yuko ukurasa mwingine?"

"Hayupo popote, mwanangu. Niliandika jina langu tu. Na kazi yote ilikuwa yake."

Nikamweleza kila kitu, na ile karatasi ya mfukoni, na karanga. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Mama aliwahi kukuuliza?"

"Mara mbili. Mara zote nilimwambia yumo."

Alikifunga kijitabu akakiweka mezani kwa kukifudikiza. Nilingoja anitukane. Zuhura hakunitukana, umemlea vizuri. Alisema tu, "Tulipokuwa tunakataa shule, mama alikuwa akituambia habari ya kitabu hiki. Mimi nilitaka kuacha kidato cha pili. Nilirudi kwa ajili ya ukurasa huu."

Akaingia chumbani akachukua begi lake, akaondoka na basi la mchana. Tangu siku ile nikimpigia simu anapokea. Anasema, "Shikamoo, mama mdogo." Naitika. Kisha ananyamaza, nami nanyamaza, mpaka mmoja wetu anasema salimia huko. Adabu ameniachia. Kilichobaki amekichukua, na ana haki.

Nilimtafuta Mama Mtafiti. Amestaafu, ni mzee sana. Nilimwandikia yote kama ninavyokuandikia wewe, nikamwambia kwamba siku ile ofisini alipouliza kama kuna mtu, mtu alikuwepo. Jibu lake lilikuwa fupi, mwandiko unatetemeka. Aliandika kuwa hana la kunihukumu, mimi nilikuwa mtoto wa shule. Halafu chini akaongeza: "Ila ningempa kazi siku ile ile." Sentensi hiyo naamka nayo kila siku. Sidhani alitaka kuniumiza. Nadhani alikuwa anakuwaza wewe.

Nilikwenda pia kwa mkuu wa shule ile, ambako sasa nafundisha mwenyewe, nikamweleza. Alikuwa kijana niliyewahi kumfundisha. Aliona haya kwa niaba yangu, akatazama dirishani. Mwishowe akasema kijitabu cha zamani hakiwezi kuchapishwa upya, lakini ile nakala ya maktaba ninaweza kuigundishia karatasi. Nimefanya hivyo. Ni karatasi moja tu iliyoandikwa kwa mkono. Sikutegemea inisaidie, na haikunisaidia.

Juzi, dada, niliwapeleka kidato cha tatu ukingoni Kindai. Nimewapeleka miaka mingi, lakini sijawahi kuwapeleka kwa njia hii. Maji yamepanda kuliko enzi zetu na magadi yamepungua, ila buibui wapo. Niliwaonyesha pa kuchuchumaa. Wakawaweka majini, wakapiga kelele walipoona wote wanakimbilia upande mmoja. Mvulana mmoja akasema, "Madamu, nani aligundua haya?"

Mdomo wangu umezoea, dada. Lile jibu la "iliwahi kuonekana" lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza.

"Dada yangu," nikasema. "Alikuwa na miaka kumi na minne. Alisoma mpaka darasa la saba. Nilipokuwa mdogo kuliko ninyi niliichukua kazi yake nikasema ni yangu, nikapewa zawadi, na yeye akakosa kazi ambayo ilikuwa yake. Alikufa mwaka jana. Anaitwa Hadija."

Watoto hawajazoea mwalimu kusema hivyo, na wengine hawakujua waangalie wapi. Nilijua habari itafika sokoni kabla ya jioni, na imefika. Majirani wawili wameacha kuniamkia, na mmoja amekuja kunishika mkono. Sijui nani kati yao amekosea.

Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele, mpole, asiyependa kuuliza darasani, alifungua daftari lake akaanza kuandika. Nikapita nyuma yake nikatazama. Alikuwa ameandika tarehe, na chini yake, "Buibui wa Kindai: aliyegundua ni Khadija."

"Hapana," nikamwambia. "Hakuna K. Mwenyewe alikuwa akiliandika kwa H. Futa, uandike upya."

Akafuta kwa kidole chenye mate, akaandika tena, akaniinulia daftari nikague. Nilikagua herufi moja moja. Lilikuwa sahihi.

Sikuombi kitu, dada. Wewe pumzika huko. Mimi nitaendelea kumpigia Zuhura simu, akipenda anyamaze.

Mdogo wako,
Mwanaidi